Simba Hakuwa Wetu

Kwa zaidi ya miaka ishirini ukuta wa sebuleni kwetu ulikuwa na fremu ya simba. Simba mwekundu, amesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, makucha yamekunjuka, ndani ya ngao ya njano. Juu ya ngao kulikuwa na kofia ya chuma ya dhahabu iliyomkabili mtazamaji, na chini utepe wenye jina la ukoo wetu kwa herufi za madoido. Kaka yangu mkubwa aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Aliyemuuzia alimwambia kwamba hiyo ndiyo nembo ya jina letu tangu karne ya 12, na nyuma ya fremu akabandika karatasi ya maana: simba ni ushujaa, dhahabu ni ukarimu, nyekundu ni nguvu vitani. Karatasi ile niliijua kwa moyo kabla sijajua jina la babu yake baba yangu.

Baba alikuwa mwashi. Hakusema lolote kuhusu simba. Siku ya kuitundika fremu alipokwisha kugonga msumari alitoa timazi lake mfukoni, akalining'iniza kando ya fremu, akangoja litulie, akafumba jicho moja. "Bado," akasema, akasukuma pembe ya chini kwa kidole. "Bado." Mara ya tatu alikunja uzi bila neno, na hapo tukajua imekaa sawa.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilialikwa nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu. Nikamkuta simba wetu ukutani. Sisemi simba aliyefanana na wetu, nasema yuleyule. Nilimtambua kwa ukucha mmoja wa mguu wa mbele, ambao mchoraji aliufanya mfupi kuliko wenzake. Utotoni nilikuwa nikiutazama ukucha ule nikiamini simba wetu aliumia vitani akapona. Kofia ileile, utepe uleule. Jina tu ndilo lilikuwa la kwao. Mwenyeji wangu aliona nimekaza macho pale, akaanza kunieleza kwa fahari: simba ni ushujaa, dhahabu ni ukarimu. Nilimsikiliza hadi akamaliza. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Usingizi ulinipaa usiku ule. Hazikuniuma fedha alizotoa Kaka. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipoogopa, kabla ya mtihani, kabla ya usaili wa kazi, nilikuwa namtazama simba yule kama mtu anayetazama damu yake mwenyewe.

Nikaanza kusoma kuhusu nembo za aina hii, na jambo la kwanza nililokutana nalo lilitosha kumaliza ubishi: nembo haimilikiwi na jina. Huko Ulaya zilikoanzia ngao hizi, nembo ni ya mtu, na kutoka kwake hushuka kwa wazao wake. Watu elfu wanaweza kuwa na jina moja, mmoja wao akawa na nembo, na wengine wote wasiwe na haki nayo hata chembe. Uingereza ina taasisi inayotunza mambo haya, College of Arms, tangu 1484. Scotland ina mahakama kamili chini ya Lord Lyon, msimamizi mkuu wa nembo, na atumiaye nembo isiyo yake anaweza kushitakiwa. Kanada ilianzisha mamlaka yake mwaka 1988. Na ile kofia ya dhahabu inayotazama mbele, iliyotupendeza kuliko vyote, kwa taratibu za Uingereza huwekwa kwenye nembo ya mfalme au malkia.

Nilimpigia Kaka simu. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika.

"Kwa hiyo sisi hatuna nembo," akasema.

Nikamweleza habari za Bartolo wa Sassoferrato, mwanasheria wa Italia wa karne ya 14, aliyeandika kwamba mtu anaweza kujichukulia nembo kama vile watu wanavyojichukulia majina, ila asimdhuru mwingine aliyetangulia kuitumia. Hata wakulima na mafundi wa sehemu kadhaa za Ulaya walikuwa na zao. Haikuwa mali ya mabwana wa ngome peke yao.

"Basi tutengeneze yetu," akasema Kaka. "Lakini simba abaki."

Tulikutana nyumbani kwa Mama, watoto wote watano, na Baba Mdogo akiwa kama mkubwa wa ukoo. Nilimpa kila mtu karatasi nikamwomba achore kitu kimoja tu anachoona kinafaa kuwa ndani ya ngao yetu. Robo saa baadaye mezani palikuwa na simba wawili, tai mmoja, na upanga. Ziliniumiza zile karatasi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kushika upanga. Hakuna aliyewahi kumwona simba karibu. Karatasi ya nyuma ya fremu ilikuwa imetufundisha kwamba heshima ni kitu cha kuazima kwa wanyama wakali, na somo lilikuwa limeingia hadi mifupani.

Huu ndio upotofu ninaouona kwa wengi wanaotaka kutengeneza nembo ya familia. Wanaanza na orodha ya maana. Orodha zile, buluu ni uaminifu, kijani ni matumaini, dubu ni hiki, tai ni kile, si sheria ya kale iliyofuatwa na wote. Waandishi walizikusanya baadaye, na mara nyingi hazipatani zenyewe kwa zenyewe. Nembo za mwanzo zilizaliwa na haja ya wazi kabisa: huyu ni nani? Kwenye kitambaa cha Bayeux, kile cha kale kilichotariziwa picha za vita vya Hastings vya mwaka 1066, Duke William wa Normandy, aliyekuwa ameivamia Uingereza, anaonekana akiinua kofia yake ya chuma ili askari wake wamwone uso, kwa kuwa uvumi ulikuwa umeenea kwamba ameuawa. Hapakuwa na kitu kingine cha kumtambulisha. Ndani ya miaka mia moja hivi iliyofuata ngao zilianza kubeba alama zisizobadilika, na mtoto akarithi ya baba. Alama nyingine zilikuwa mchezo wa jina tu. Familia ya Shakespeare ilipopewa nembo mwaka 1596, walichorewa mkuki, kwa kuwa jina lenyewe linasikika kama kutikisa mkuki. Hapo hakuna fumbo la ushujaa. Ni kusema: huyu ni fulani.

Basi nikawaambia ndugu zangu tuache kuuliza sisi ni mashujaa kiasi gani, tuulize sisi ni nani.

Karatasi ya mdogo wangu, anayenifuata, ilikuwa tupu. "Mimi sijui kuchora," akasema. Akainama kwenye mfuko wake wa zana, maana yeye naye ni mwashi, akatoa timazi la Baba akaliweka mezani.

Niruhusu nilieleze, kwa sababu lile ndilo jibu. Ni la shaba, refu kama kidole cha kati, nene juu na limechongoka chini kama karoti. Ncha yake ni ya chuma. Ubavuni lina kidonda, alama ya siku lilipoanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Uzi ulishabadilishwa mara nyingi, lakini kifundo cha juu ni cha Baba; mdogo wangu kila akibadilisha uzi hukifunga vilevile, zungusho tatu na kitanzi. Ukilishika kiganjani unashangaa uzito wake.

Na kila mmoja pale mezani alikuwa na habari yake ya timazi lile. Mimi nilikumbuka ukuta ambao Baba aliubomoa. Kazi ya siku nzima, tofali kwa tofali, na mwisho wa siku timazi likaonyesha umeegemea nje kwa upana wa kidole. Mwenye nyumba alimwambia aache tu, plasta itaficha. Baba akajibu, "Paa haliangalii plasta," akaanza kuubomoa kabla saruji haijakaza. Nilikuwa nimempelekea chakula, nikakaa juu ya rundo la mchanga nikimtazama akizisafisha tofali moja moja kwa ncha ya mwiko ili azitumie kesho yake. Hakulipwa kwa siku hiyo.

Hakuna aliyepiga kura. Zile karatasi za simba na tai zilisogezwa pembeni zenyewe.

Kuweka zana ya kazi kwenye ngao si ajabu. Chama cha waashi cha London kilipewa nembo yake mwaka 1472, na ndani yake kuna bikari pamoja na ngome tatu. Nilipomwonyesha Baba Mdogo picha yake alitulia. Alikuwa na hofu kwamba watu wangetuona tumejishusha.

Ikabaki upande wa Mama. Dada alipendekeza sindano. Mama alishona nguo za watu miaka mingi, sisi wote tulisomeshwa na cherehani ile, na kwetu sindano ilikuwa jambo lisilo na mjadala. Nilikwishaichora. Mama akaitazama, akairudisha kwangu.

"Sindano niliishika kwa shida, sikuishika kwa kupenda," akasema. "Mnataka wajukuu wanione mimi nimeinama maisha yangu yote?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Tulikuwa tumemchagulia alama kwa vile sisi tulivyomwona, tukiwa wadogo, usiku, kutoka kitandani. Yeye mwenyewe hakuwa akijiona pale kwenye cherehani. Nikamuuliza, basi Mama tukuweke nini? Akafikiri kidogo. "Wekeni ufunguo."

Kabla ya nyumba ile tuliishi nyumba za kupanga, nne katika miaka sita, na katika mbili kati ya hizo mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake na aliingia alipotaka. Baba alipomaliza vyumba viwili vya kwanza vya nyumba yetu alimkabidhi Mama ufunguo. Ulikuwa mmoja tu. Mama akautia kwenye uzi mwekundu akauvaa shingoni. "Usiku wa kwanza niliamka mara tatu kwenda kufunga mlango ambao nilikuwa nimeshaufunga," alituambia. Habari hii hakuna kati yetu aliyekuwa ameisikia. Kaka, mtu mzima mwenye mvi, alitoka nje akakaa barazani peke yake kwa muda.

Ufunguo ni alama ya zamani sana katika ngao. Funguo mbili zilizopishana, moja ya dhahabu na moja ya fedha, ziko kwenye nembo ya Vatican. Ukiufuata ufunguo vitabuni utaambiwa ni mamlaka, ni ulinzi, ni mbingu. Wa Mama ni mlango ambao hakuna mtu mwingine anayeweza kuufungua.

Sasa rangi. Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu ndipo nilipokosea kwa mikono yangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ngao ya buluu, timazi la dhahabu, na ufunguo mwekundu juu yake, mwekundu kwa ajili ya ule uzi. Kwenye meza ilipendeza. Nilikuwa nimeshasoma kanuni kuu ya fani hii, kwamba rangi haiwekwi juu ya rangi wala metali juu ya metali. Metali ni mbili: dhahabu, ambayo huchorwa njano, na fedha, ambayo huchorwa nyeupe. Rangi ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Niliiona kama amri ya wazee tu, nikaipuuza. Wapo waliowahi kuivunja kwa makusudi: nembo ya ufalme wa Jerusalem ina misalaba ya dhahabu juu ya fedha.

Mdogo wangu akaibandika rasimu ukutani, nje, akaniambia nirudi nyuma. Hatua kumi, sawa. Hatua ishirini, timazi linaonekana, ufunguo umekuwa doa. Hatua thelathini, ufunguo haupo. Nyekundu imezama ndani ya buluu kama jiwe kisimani, na timazi la njano bado linang'aa. Nilisimama pale nikaelewa kwamba kanuni ile ilitungwa na watu waliohitaji kumtambua mwenzao kwa mbali, katikati ya vumbi, kabla hajafika na upanga. Ni kanuni ya macho. Na nikaumia kidogo kwamba aliyepotea kwenye mchoro wangu alikuwa Mama.

Tukarekebisha. Sehemu ya juu ya ngao, ambayo huitwa kichwa cha ngao, ikawa ya fedha, na ufunguo mwekundu ukalazwa juu yake. Chini ni buluu, na timazi la dhahabu linaning'inia kutoka kwenye ule ukingo wa fedha. Tulipomaliza ndipo tulipoona kitu ambacho hatukukipanga: timazi limefungwa kwenye mlango. Baba ananing'inia kutoka kwa Mama. Dada alisema hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Mama hakukanusha.

Kisha likaja jambo la nani ataibeba, na hapo nusura tuvunjike.

Mdogo wangu wa timazi hakuzaliwa na Mama. Baba alimleta akiwa na miaka saba. Mambo ya namna ile yalipita, kwa machozi na kwa miaka, na sisi tulishasahau kuhesabu. Lakini Baba Mdogo naye alikuwa amesoma, na alisoma kwa bidii. Akasema nembo zina utaratibu. Mtoto wa nje ya ndoa huwekewa alama ya kumtofautisha. Na kweli, jambo hilo lipo. Familia za baadhi ya mabwana wenye vyeo wa Uingereza waliotokana na watoto wa nje wa Mfalme Charles II, kama ile ya Duke wa Grafton, zina nembo ya kifalme yenye kijiti kilichokatiza ngao kutoka upande wa kushoto wa mbebaji. Baba Mdogo hakusema kwa ubaya. Alitaka tufanye mambo kwa usahihi. Lakini mdogo wangu aliinuka, akalichukua timazi mezani, akaanza kukunja uzi.

Mama alisema sentensi moja. "Aliingia kwa mlango uleule."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Siku ile haikuendelea tena, ila wiki ile nzima nilitafuta, nikapata kisa ambacho nilikwenda kumsomea yeye mwenyewe ana kwa ana. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa wanaotajwa kubeba nembo ya ukoo ni Geoffrey wa Anjou, ambaye inasimuliwa kwamba mwaka 1128 mkwewe, Mfalme Henry I wa Uingereza, alimpa ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Picha yake akiwa na ngao ile imebaki Le Mans, Ufaransa. Na ngao hiyohiyo inaonekana tena kwenye kaburi la mjukuu wake katika kanisa kuu la Salisbury: William Longespée, aliyefariki 1226. Wanahistoria hulitaja kaburi lile kama ushahidi wa mapema kwamba nembo zilirithiwa. Longespée alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Henry II. Simba sita wa babu yake wako pale kwenye jiwe, wazima, bila kijiti cha kuwakatiza. Baba Mdogo alinirudisha nianze tena kusoma tangu mwanzo. Kisha akaniomba nimpigie simu mdogo wangu, akazungumza naye akiwa amenipa mgongo. Sikusikia maneno yao, wala sikuuliza.

Tukakubaliana kwamba watoto wote watano tutabeba ngao ileile, pasipo tofauti ya mkubwa na mdogo, wa kike na wa kiume. Mfumo wa Uingereza una alama za kuwatofautisha wana wa kiume kwa kufuatana kuzaliwa: wa pili mwezi mwandamo, wa tatu nyota, wa nne mbayuwayu asiye na miguu, na kuendelea. Kanada wameongeza za mabinti, na wa kwanza wao ana moyo. Niliwasomea haya kwa kupita tu. Lakini mdogo wangu, ambaye ni wa nne, aliniuliza kwa nini ndege hana miguu. Nikamweleza inavyosemwa, kwamba mtoto wa nne hapati ardhi, basi ndege wake hana pa kutua.

"Nilikuwa huyo," akasema. "Kabla sijaletwa."

Akaomba kwenye nakala yake awekewe ndege yule, mdogo, pembeni. Hilo lilinishangaza mwanzoni, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kupigana asiwekewe alama. Nimelitafakari sana tangu siku ile. Kijiti angewekewa na wengine ili wamsimulie. Ndege amemchagua mwenyewe, na yeye ndiye anayesimulia. Rangi na mistari inaweza kufanana kabisa, na tofauti ikawa ni nani aliyeshika kalamu.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Kofia ya chuma hatukuweka. Wabeba ngao wa pembeni hatukuweka; hao kwa Uingereza hupewa watu wachache wa vyeo vya juu, na sisi hatukuona wangetusaidia nini.

Kaulimbiu ndiyo iliyotusumbua. Tulikuwa na karatasi nzima ya misemo mizuri, na kila mmoja ungeweza kuwa wa familia yoyote duniani. Mimi nilipenda neno moja. Kenya imebeba neno moja tu kwenye nembo yake ya taifa, Harambee, na hakuna anayelisahau. Lakini letu lipi?

Mchoraji alituletea kazi aliyoikamilisha kwa rangi. Nzuri sana. Tuliitundika palepale alipokuwa simba, kwenye msumari wa Baba. Mdogo wangu akatoa timazi, akalining'iniza mbele ya picha, kando ya timazi lililochorwa, akangoja litulie. Akafumba jicho moja. Mchoraji, kwa kutafuta uzuri, alikuwa ameuchora uzi ukiwa umelala kidogo, kama unaopeperushwa na upepo. Kosa lisilozidi unene wa msumari.

"Bado," akasema mdogo wangu.

Sauti ilikuwa ya Baba. Kwa mkato uleule, bila hasira. Mama aliweka mkono mdomoni. Sidhani kama mdogo wangu mwenyewe alijua amesema nini hadi alipogeuka akatuona.

Dada alilipinga neno lile kwa hoja nzito. Alisema mtu akisoma "Bado" chini ya ngao ataona watu ambao hawajafika. Kaka ndiye aliyelitetea, Kaka wa simba. Alisema ndiyo, hatujafika, na Baba hakuwahi kutuambia tumefika. Kisha akasema neno lina upande wa pili: Mama bado yupo, nyumba bado imesimama, sisi bado tunakutana. Likaandikwa. Mchoraji akaunyoosha uzi kwa rula.

Kaka aliichukua fremu ya simba akaitundika kwake. Anawaeleza watoto wake ukweli wote, kwamba si nembo ya mtu yeyote, na kwamba aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza kwa sababu alitaka kuiletea nyumba yetu kitu kikubwa. Nikienda kwake humtazama simba yule kwa upendo kuliko zamani.

Kuna jambo la mwisho nililojifunza, na ndilo ninalolipenda zaidi katika fani hii. Nembo yenyewe haikai kwenye picha, inakaa kwenye maneno. Wataalamu huita maelezo hayo blazoni, na mchoraji yeyote akiyafuata, hata mkono wake uwe tofauti namna gani, nembo ni ileile. Yetu inasema: Ngao ya buluu, timazi la dhahabu likining'inia kutoka kichwa cha ngao cha fedha, na juu ya kichwa hicho ufunguo mwekundu uliolazwa. Niliiandika kwenye vipande vya karatasi nikawapa wajukuu wote wa Mama, nikawaambia wachore bila kuitazama ile ya ukutani.

Wakaleta ngao za kila namna. Moja ina ufunguo mkubwa kuliko ngao. Nyingine uzi wa timazi umepita chini hadi ukatoka nje ya karatasi. Zote ni sahihi. Nilizibandika moja moja. Mdogo kuliko wote, binti wa mdogo wangu, alibaki na karatasi yake mkononi. Alikuwa amechora kila kitu isipokuwa katikati.

"Timazi ni nini?" akaniuliza.

Baba yake alikuwa ameliacha kwa Mama siku ile. Nikafungua droo nikamtolea. Alipitisha uzi kwenye kidole, akaunyanyua mkono juu, na timazi likaanza kuyumba huku na huku mbele ya uso wake. Akalitazama bila kupepesa, akingoja litulie.